Tumbo Lako Si la Kubahatisha, Mdogo Wangu

Wadogo zangu, leo nimekuja na bakora, ila nitachapa kwa upande wa khanga, kwa hiyo msinikimbie.

Nataka tuzungumze habari ya tumbo linalouma, likaacha, likauma tena. Sisemi lile la kula maharage yaliyolala. Nasema lile lililokuzoea. Mwezi wa tatu lilikukamata ukiwa kwenye basi la Kahama, mwezi wa tano likakuamsha usiku, na sasa hivi unasoma haya mkono mmoja uko ubavuni. Ukiulizwa unajibu limeshatulia. Ndiyo, limetulia, na hapo ndipo linapokuponza. Maumivu yangekaa siku kumi mfululizo ungeshafika hospitali mwenyewe bila kusukumwa. Kwa kuwa yanakupa likizo, na wewe unayapa msamaha.

Sikulaumu. Hospitali ni nauli, ni siku ya kazi imekwenda, ni benchi toka alfajiri halafu unaambiwa mashine imeharibika, uje Jumatatu. Anayelipwa kwa mgawo wa mifuko ya mawe akikosekana duarani, kwenye shimo la dhahabu, siku moja, mgawo wake haumsubiri. Najua. Lakini hebu kaa chini upige hesabu ya ulichokwisha kuacha kwenye duka la dawa tangu mwaka uanze. Piga polepole, usinidanganye mimi dada yako.

Maana huko ndiko sote tunakoanzia. Jioni watu wametoka maduarani, vumbi la mawe bado liko kwenye nyusi, dirisha la duka la dawa pale senta lina foleni kuliko la chipsi. "Nipe mchanganyiko wa tumbo." Binti anachukua mkasi, anakata diklofenaki nne, Flagyl sita, omeprazoli mbili tatu, anakunja kwenye kikaratasi, anapokea hela, anayefuata! Hakuna aliyeuliza linauma wapi. Hakuna aliyeuliza choo kikoje. Na wewe hujasema, maana nyuma yako kuna watu na unaona haya.

Sasa sikia. Ile diklofenaki unaitafuna kila siku kwa ajili ya mgongo uliobeba mawe, tena tumbo likiwa tupu, tena juu yake umeshushia kinywaji kikali. Dawa za jamii hiyo, pamoja na aspirini na ibuprofeni, hupunguza ule utando unaolinda ukuta wa tumbo lisiunguzwe na tindikali yake lenyewe. Kwa hiyo unatibu mgongo unachoma tumbo, halafu tumbo likichomeka unarudi dirishani kuongezewa nyingine. Siku choo kitakapotoka cheusi kama lami, kinanata na harufu yake si ya kawaida, ujue kidonda kinavuja damu. Hapo hakuna cha kusubiri kesho, mdogo wangu. Hapo ni hospitali usiku huohuo.

Na hivyo vidonge vya kukatakata vina ubaya mwingine ambao wengi hamuujui: vinaharibu vipimo. Nyote mmesikia habari ya bakteria wa vidonda vya tumbo, H. pylori. Zamani ilisemwa vidonda ni mawazo na pilipili, mpaka daktari mmoja wa Australia, Barry Marshall, alipokunywa hao bakteria mwenyewe mwaka 1984 ili awaonyeshe wenzake wabishi kwamba wanaumiza tumbo. Akaugua kweli. Yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. (Wewe usijaribu, tayari huku kwetu tunao wa kutosha.) Kipimo kizuri cha kuwatafuta ni cha choo. Lakini ukienda kupima huku umemeza omeprazoli ndani ya wiki mbili zilizopita, au antibayotiki ndani ya mwezi, bakteria hujificha na majibu yanaweza kutoka safi. Unarudi nyumbani unasema, "Wamenipima hawajaona kitu." Wangeonaje? Kwa hiyo ukifika, taja kila ulichomeza, hata kile usichokijua jina. Beba kikaratasi chake. Na kama kuna dawa daktari alikuandikia, usiiache kwa kauli yangu mimi, muulize yeye.

Kile kipimo cha tone la damu kinachotangazwa kwa kipaza sauti sokoni, hicho kinaonyesha kwamba mwili wako uliwahi kukutana na huyo bakteria. Pengine ni miaka mingi iliyopita. Hakikuambii kama ndiye anayekuumiza leo. Nawaona watu wazima wanakabidhi hela ya ada ya mtoto kwa ajili ya "dozi" baada ya kipimo hicho, na tumbo lao lilikuwa na shida nyingine kabisa.

Ndugu wa kipimo hicho ni kile cha taifodi. Eti "taifodi sugu," umetibiwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja! Kipimo cha Widal, ambacho jina lake linatokana na Mfaransa aliyekitangaza mwaka 1896, kinapima askari wa mwili, na sisi tunaoishi mahali penye taifodi tunaweza kuwa nao hata tukiwa wazima wa afya. Taifodi ya kweli inakuja na homa inayopanda siku kwa siku, na uthibitisho wake ni kuotesha damu maabara. Tumbo linalokuuma miezi minane bila homa, halafu kila safari unaambiwa taifodi, hebu uliza tena. Kuuliza si ujinga.

Nije kwenye lile linaloniuma zaidi, kwa kuwa limekaa mlangoni kwetu na tunalipita. Kichocho.

Ninyi wa Shinyanga mnalima mpunga kwenye majaruba, maji yamefika magotini, na ng'ombe na watoto wako lambo moja. Ninyi wa Geita mliopakana na ziwa, Nungwe na Nkome huko, mnafua, mnaoga na kuvua humohumo. Konokono anatoa vijidudu, vinapenya ngozi nzima bila jeraha, wala huhisi zaidi ya muwasho. Kile cha ziwani hukaa kwenye mishipa ya utumbo na ini: tumbo linasokota, choo kina damu leo, kesho hakina. Kile cha malambo na majaruba hukaa kwenye kibofu: chini ya kitovu panauma na mkojo unaishia na damu. Ukiviacha miaka na miaka, cha utumbo kinakomaza ini, bandama linavimba, na siku moja mtu ambaye hajawahi kulazwa anatapika damu beseni zima. Madaktari wa hospitali ya Bugando kule Mwanza wanawafahamu wagonjwa hao vizuri.

Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, inapimwa kwa uzito wako na mara nyingi humezwa siku moja tu. Watoto hupewa shuleni kwenye kingatiba. Wewe baba wa miaka thelathini na tano unayeshinda majini nani amekupa? Haya. Na ukienda kupima, mambo mawili uyajue. Kipimo kimoja cha choo kinaweza kukosa mayai, kwa sababu hayatoki kila siku kwa wingi ule ule. Uliza kama unaweza kuleta tena siku nyingine. Na cha mkojo, mayai hutoka zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Ukipeleka mkojo wa alfajiri ili uwahi kazini, unaweza kuambiwa huna kumbe unacho. Tena acheni aibu ya kile kikopo. Mfanyakazi wa maabara haoni ajabu choo chako, ndiyo kazi yake.

Wanawake, sogeeni karibu, wanaume wasikilize kwa mbali. Kichocho cha mkojo kinaweza kutaga mayai kwenye shingo ya kizazi na ukeni. Unaumwa chini ya kitovu, unatoka uchafu, unatoka damu baada ya tendo la ndoa. Ukieleza nusu nusu unatibiwa kama mwenye ugonjwa wa zinaa, unapewa dawa hizohizo mara ya pili na ya tatu, na nyumbani mume ameanza kuuliza umeupata wapi. Ndoa zinavunjika kwa konokono wa lambo, jamani! Mwambie mhudumu kwa mdomo wako: "Nililelewa kwenye majaruba, naweza kuwa na kichocho?" Sentensi hiyo moja inaweza kubadili njia nzima ya uchunguzi.

Na lile tumbo la mwezi. Mmeambiwa na mama, na shangazi, na muuguzi mwenye haraka: ndiyo uanamke, ukizaa litaacha. Kuumwa kidogo ni kawaida, sibishi. Lakini binti anayelala sakafuni siku mbili, anatapika, anakosa mtihani kila mwezi, huyo anaumwa. Happiness Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, alijitokeza hadharani akasema maumivu yalimwanza akiwa na miaka 13, na alikuwa mtu mzima tayari alipoambiwa jina la ugonjwa wake: endometriosisi. Tishu inayofanana na ukuta wa ndani ya kizazi inaota nje ya kizazi, na kila mwezi panawaka. Amefanyiwa upasuaji zaidi ya mara kumi. Mwaka 2017 akajifungua mtoto wa kiume. Shirika la Afya Duniani linakadiria ugonjwa huu humpata kama mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa, na huku kwetu wapo vijijini wanaofukizwa dawa za chango.

Angalia jambo hili, maana ndilo linalowaangusha wengi. Unakwenda kupiga ultrasaundi, unaambiwa picha iko safi. Unatoka pale umekata tamaa kuliko ulivyoingia. Lakini mdogo wangu, ultrasaundi haioni kidonda cha tumbo. Endometriosisi ndogondogo haiioni. Minyoo na mayai ya kichocho kwenye utumbo kwa kawaida haivioni. Inaona vijiwe kwenye nyongo na figo, uvimbe kwenye kizazi, ini lililokomaa, mimba iko wapi. Picha safi maana yake ni kwamba kilichotafutwa hapo hakipo. Bado kuna pa kutafuta, pengine kwa kamera inayoshushwa kooni kuangalia tumbo kwa ndani, pengine kwa choo na damu tu.

Sasa mtu na picha yake safi mkononi anapita wapi akirudi? Kwa mganga. Na mganga hana neno "sijui." Anapiga ramli, anasema umetupiwa, anasema aliyekutupia yuko karibu, mwanamke, mtu mzima, macho yake mekundu.

Hapa naweka khanga pembeni, nachapa kwa bakora yenyewe. Hao bibi wenye macho mekundu walipikia samadi ya ng'ombe na kuni mbichi maisha yao yote. Moshi umewaharibu macho. Kanda yetu ya Ziwa imewazika wangapi kwa mapanga kwa sababu tumbo la kijana fulani lilikosa jina? Ramli chonganishi ni kosa kwa sheria, na wewe uliyelipa ili utajiwe jina la bibi, damu hiyo haitakuacha ulale. Tumbo lako lingekuwa minyoo. Lingekuwa nyongo. Bibi ameshakufa na bado linauma.

Mitishamba siibezi, bibi zetu walitulea nayo. Ila mnakumbuka mwaka 2011, nchi nzima ilivyomiminika Samunge kule Loliondo kunywa kikombe cha shilingi 500 cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila. Wapo walioacha dawa zao za hospitali wakiamini wamepona. Ukinywa mti, kunywa, lakini usiache kupima, na umwambie daktari umekunywa nini, maana mingine inagombana na dawa na mingine inachosha ini.

Na udongo, nao! Wajawazito wa Geita mnautafuna ule uitwao pemba, wa sokoni. Watafiti walioupima na kuchapisha majibu yao mwaka 2014 walikuta humo aseniki na nikeli pamoja na metali nyingine. Hamu hiyo mara nyingi inakwenda pamoja na upungufu wa damu, ambao nao safura inaweza kuwa ndiyo imeuleta. Nenda kapime damu, uache kulisha hamu.

Zebaki mnaitaka niiseme. Kwenye mialo ya kuoshea dhahabu mnaishika kwa mikono, mwingine anachomea dhahabu jikoni watoto wamelala chumba cha pili. Zebaki hupiga zaidi mishipa ya fahamu na figo, kwa hiyo msiisingizie kila tumbo. Lakini daktari hawezi kuota kwamba unachoma zebaki kama umemwandikisha kazi yako ni "biashara." Mwambie. Mwambie na gongo. Mwambie na ile mimba uliyojaribu kuitoa kwa siri. Hayupo pale kukuhukumu, na kama anakuhukumu bado ni heri kuliko kaburi. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kwa nini nasisitiza kusema? Kwa sababu daktari ana watu sitini nje na dakika chache kwa ajili yako. Ukianza na "naumwa tumbo" ukanyamaza, atakupa dawa ya tumbo. Nunua daftari la mtoto wa shule. Kila likiuma andika: tarehe, mahali lilipouma, kama linahama, linasokota au linachoma, ulikula nini kabla au hukula, choo kikoje, hedhi ilikuwa siku gani, ulimeza nini, lilikaa muda gani. Kidonda cha tumbo mara nyingi huchoma katikati, chini ya kifua, na uhusiano wake na chakula unaonekana. Nyongo hukamata upande wa kulia chini ya mbavu baada ya mlo wenye mafuta, na huweza kupanda hadi bega. Kijiwe cha figo kinatoka kiunoni kinashuka kuelekea kinenani na hakikupi mkao. Wewe huna haja ya kujua jina. Andika tu, jina atalitoa yeye. Kisha muulize kwa heshima: "Daktari, samahani, unahisi ni nini, na kipimo hiki kitatuonyesha nini?" Wengi wao hawachukii swali hilo, wanakaa vizuri kwenye kiti.

Kwa watoto, angalizo moja. Mtoto anayelia tumbo na miguu na mikono mara kwa mara, macho yana umanjano, damu inapungua, apimwe selimundu, ile tunayoiita sikoseli. Kanda ya Ziwa tunao watoto wengi wenye ugonjwa huo na wengine wanazikwa wakiitwa wamerogwa.

Nimeshasema choo cheusi. Naongeza, na haya hayasubiri daftari wala hayasubiri mimi: kutapika damu; tumbo gumu kama ubao ambalo hutaki liguswe; maumivu yaliyoanzia kitovuni yakahamia kulia chini, pamoja na homa; kushindwa kutoa choo na hewa huku unatapika; macho ya njano. Na wewe ambaye hedhi imepitiliza, unaumwa upande mmoja, unaona kizunguzungu: inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, na ikipasuka inakuua ndani ya saa chache hata kama damu ya nje ni tone. Kopa pikipiki, amsha jirani, nenda. Kupungua uzito bila sababu na chakula kukwama kooni havihitaji pikipiki ya usiku, ila havitakiwi kuona mwezi mwingine bila daktari.

Wapo watakaopimwa yote na kisionekane kidonda wala mdudu. Nao nawaambia: hujaambiwa unaigiza. Upo utumbo unaouma kwa jinsi unavyofanya kazi, unabana, unajaa gesi, unafunga na kuharisha kwa zamu, na msongo wa mawazo unauchochea. Una matibabu yake. Lakini hitimisho hilo hufikiwa baada ya kupima mengine, lisitolewe mlangoni.

Anza zahanati au kituo cha afya, usiruke. Ukitibiwa na likarudi, usianze upya kwa binti wa mkasi; rudi palepale na daftari lako, sema limerudi, omba wakuandikie rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, na ikibidi Bugando. Barua ya rufaa iweke ndani ya daftari pamoja na majibu yote ya zamani, hata yale yaliyosema huna kitu. Usiitie mfuko wa suruali ya kazi. Jasho la duarani litafuta wino, na daktari wa kule mbele atakuanzisha na dawa ya taifodi.